Vichunguzi Viwili Vikihitilafiana

Iko desturi moja iliyoenea katika vibanda vya kutengeneza kompyuta vya miji yetu, kuanzia Kariakoo hadi Mombasa, ambayo naiona ni dhuluma ijapokuwa aghalabu hutendwa kwa nia njema, nayo ni desturi ya fundi kuifuta diski nzima ya mteja mara tu programu ya antivairasi inapotoa tuhuma juu ya sekta ya kwanza ya diski hiyo, hata kama programu ya pili, iliyoendeshwa muda mfupi baadaye juu ya diski ile ile, imesema kwamba haikuona kitu. Mwenye kompyuta, ambaye huenda ni mwanafunzi aliyehifadhi tasnifu yake humo, au karani wa chama cha ushirika aliyehifadhi humo hesabu za wanachama, huambiwa maneno machache tu, kwamba palikuwa na virusi na Windows imepigwa upya, na kwa maneno hayo kazi ya miaka hupotea pasipo mtu yeyote kuuliza kirusi hicho kilikuwa kipi, kilikaa wapi, na kwa sababu gani programu moja ilikiona na nyingine isikione.

Rai yangu ni kwamba hitilafu baina ya vichunguzi viwili ndiyo dalili yenye manufaa kuliko zote alizo nazo fundi, na kwamba anayeikatiza kwa kufuta diski ameutupa ushahidi kabla ya kuusikiliza. Kadhi anapoletewa mashahidi wawili wenye kupingana hawafukuzi wote wawili, wala hamwamini yule mwenye sauti kubwa, bali humwuliza kila mmoja alisimama wapi, aliona kwa macho yake au alihadithiwa, na saa ile palikuwa na nuru kiasi gani. Na mara nyingi hudhihiri kwamba wote wawili walisema kweli kwa kadiri ya walichokiona.

Sekta yenyewe inayogombaniwa ni ndogo mno kwa umbo na kubwa mno kwa mamlaka. Ina baiti 512 tu. Katika diski ngumu zilizogawanywa kwa mtindo wa kale, ambazo bado tunazo kwa wingi katika kompyuta tunazonunua zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, baiti 446 za mwanzo ni msimbo, baiti 64 zinazofuata ni jedwali lenye nafasi nne za kueleza jinsi diski ilivyogawanywa, na baiti mbili za mwisho ni alama ya 55 na AA, ambayo isipokuwapo kompyuta huihesabu sekta hiyo kuwa haifai kuwashia. Kompyuta inapopata umeme, Bayosi, yaani programu ya kuamshia iliyomo ndani ya mashine, huisoma sekta hii, huiweka katika kumbukumbu, kisha huitii. Haiulizi imeandikwa na nani wala kwa idhini ya nani, kwani wakati huo Windows haijaamka, Linux haijaamka, wala hakuna antivairasi yoyote iliyokwisha kufumbua macho. Aliyezishika baiti hizo 446 amekishika kila kitakachofuata, na ndiyo sababu mafundi wa virusi waliipenda sekta hii, iitwayo sekta ya buti, tangu zama za mwanzo.

Waliotangulia kuutia fadhaa ulimwengu wa kompyuta za jamii ya IBM kwa mlango huo walikuwa ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, walioandika kirusi cha Brain mwaka 1986 na kutia ndani yake jina la duka lao, anwani yao na nambari zao za simu. Brain hakikuwa kikatili, lakini kilikuwa na hila ambayo mtu akiifahamu ameufahamu nusu ya mkasa wote ninaouzungumzia. Programu yoyote iliyoomba kuisoma sekta ya kwanza ya flopi iliyoambukizwa, maadamu kirusi kilikuwa hai katika kumbukumbu, ilipokewa ombi lake na kirusi chenyewe, nacho kikaionyesha nakala ya sekta ya asili kilichokuwa kimeihifadhi mahali pengine katika flopi hiyo hiyo. Aliyechunguza akiwa ndani ya mfumo ulioambukizwa aliona sekta safi; aliyewasha kompyuta kwa flopi nyingine iliyo salama, kisha akaichunguza ile ya kwanza, alimwona Brain waziwazi. Hila hiyo haikufa pamoja na flopi. Mwaka 2010 kilipotokea kirusi cha TDL4, ambacho kiliweza kuingia hata katika Windows za biti 64, nacho kilikaa katika sekta ya kwanza ya diski na kuwapa wasomaji wa sekta hiyo picha ya uongo. Kwa hiyo jibu la "safi" lililotolewa na programu inayoendeshwa ndani ya mfumo unaotuhumiwa halina nguvu ya kubatilisha jibu la "najisi" lililotolewa na programu iliyowashwa kutoka nje, hata kama ile ya kwanza ni ya kampuni mashuhuri na ya pili ni ya bure.

Nazungumzia hasa vichunguzi vinavyoendeshwa kwa mstari wa amri, yaani vile ambavyo fundi huviamuru kwa kuandika maneno katika dirisha jeusi, kwa kuwa ndivyo mafundi hodari huvikimbilia wakati Windows imekataa kuamka au imekwisha kupoteza uaminifu wake. Katika zama za DOS zilijulikana sana F-PROT ya Friðrik Skúlason wa Iceland na SCAN ya McAfee. Siku hizi walio wengi hutumia ClamAV, iliyoanzishwa na Tomasz Kojm wa Poland, ambayo huweza kuendeshwa kutoka katika flashi yenye Linux bila ya kuigusa Windows iliyomo katika diski. Programu za namna hii zina fadhila ambayo zile zenye picha na rangi hazina: hueleza kwa maandishi zimesoma nini na zimekwama wapi, mradi msomaji awe na subira ya kuyasoma maandishi hayo badala ya kuiangalia sentensi ya mwisho peke yake.

Hitilafu ya upande wa pili, ambapo kichunguzi kinatuhumu na hali diski haina kosa, ina historia yake iliyo ya ajabu, na wazee wa kazi hii huikumbuka vizuri. Ili kichunguzi kikitambue kirusi, lazima kibebe ndani yake vipande vya msimbo wa kirusi hicho kwa ajili ya kulinganisha. Programu zilizotengenezwa kwa uangalifu hubeba vipande hivyo vikiwa vimefumbwa, ili visifanane na kitu kinachotafutwa. Lakini ziliwahi kuwapo programu ambazo hazikufanya hivyo, nayo antivairasi iliyotolewa pamoja na MS-DOS 6 mwaka 1993, iliyotoka katika kampuni ya Central Point, ilisifika vibaya kwa ila hiyo. Mtu aliyeiendesha hiyo kwanza, kisha akaendesha kichunguzi kingine bila ya kuzima kompyuta, aliambiwa kwamba kirusi kiko hai katika kumbukumbu, na hali kilichoonekana humo ni masalio ya kichunguzi cha kwanza. Wataalamu wa wakati huo waliziita tuhuma za namna hii mizuka, na sababu nyingine ya mizuka ilikuwa nyepesi zaidi: fundi aliorodhesha mafaili ya flopi iliyoambukizwa, DOS ikaisoma sekta ya buti ya flopi hiyo na kuiacha katika hifadhi yake ya muda, basi kichunguzi kilipopita katika kumbukumbu kikakuta msimbo wa kirusi umelala hapo, haujaendeshwa wala hauna uwezo wa kudhuru, kikapiga ukelele. Dawa ya mizuka ilikuwa kuzima kompyuta kabisa, kuiwasha kwa flopi iliyo salama na iliyozuiwa kuandikwa, kisha kuendesha kichunguzi kimoja tu. Dawa hiyo haikugharimu kitu, na laiti ingalifuatwa, diski nyingi zingalisalimika.

Asidhani msomaji kwamba mizuka ni habari ya kale iliyokwisha. Mwezi wa Mei mwaka 2014 antivairasi ya Microsoft ilianza kuwaonya watu waliokuwa wakihifadhi daftari la miamala ya Bitcoin katika kompyuta zao kwamba humo mlikuwa na kirusi cha Stoned, ambacho ni kirusi cha sekta ya buti cha miaka ya 1980. Kirusi hakikuwamo. Mtu fulani alikuwa ametia katika muamala kipande cha baiti kilichofanana na alama ya Stoned, na kwa kuwa daftari hilo hunakiliwa na kila anayelihifadhi, tuhuma ikaenea duniani pote pasipo ugonjwa wowote kuenea. Kipande kile hakikuwa katika sekta ya kwanza ya diski yoyote, wala hakikuweza kuendeshwa. Lakini aliyekuwa na mazoea ya kufuta kila kinachotajwa na antivairasi alikuwa na sababu kamili, kwa mizani yake mwenyewe, ya kulifuta daftari la mali yake.

Tena kuna hitilafu ya majina, ambayo si hitilafu hata kidogo. Kampuni za antivairasi kila moja ilikuwa ikivipa virusi majina ilivyopenda, mpaka mwaka 1991 wataalamu wa jumuiya ya CARO, wakiwamo Vesselin Bontchev, Alan Solomon na huyo Skúlason niliyemtaja, walipopendekeza utaratibu wa kuvitaja kwa ukoo na tawi. Na hata baada ya hapo si wote waliofuata. Michelangelo, kirusi kilichoogopesha ulimwengu mwaka 1992, ni tawi la ukoo wa Stoned. Kichunguzi kimoja kikisema "Stoned" na kingine kikisema "Michelangelo" juu ya sekta moja, mmoja ametaja ukoo na mwingine ametaja mtoto, na fundi anayedhani kwamba mmojawapo lazima awe amekosea anatafuta ugomvi usiokuwapo.

Hata hivyo yako mazingira ambamo majina yote mawili huwa ni ya kweli kwa maana nyingine, na hapo ndipo penye hatari. Stoned kinapoingia katika diski ngumu huiondoa sekta ya kwanza ya asili na kuiweka katika sekta ya saba, kisha hukaa mahali pake; na kila kompyuta inapowashwa, kikisha kujitayarisha, huiita ile ya asili kutoka sekta ya saba ili kazi iendelee kana kwamba hapana jambo. Michelangelo, kwa kuwa ni wa ukoo huo huo, hufanya vivyo hivyo na hutumia sekta ya saba hiyo hiyo. Diski iliyoshikwa na Stoned kisha ikashikwa na Michelangelo, sekta yake ya asili haipo tena popote, kwani Michelangelo alipokuja alimchukua Stoned, akidhani ndiye sekta halali, akamweka katika sekta ya saba juu ya ile ya asili. Kompyuta hiyo haiwaki tena. Sasa fikiria fundi aliyeendesha kichunguzi chenye kusoma sekta ya kwanza peke yake, kikamwambia Michelangelo, kisha akaendesha kingine chenye kusoma mzingo wote wa kwanza wa diski, kikamwambia Michelangelo na Stoned. Akipuuza jibu la pili kuwa ni wasiwasi na kukiamuru kichunguzi cha kwanza kirudishe sekta ya asili kutoka mahali ilipofichwa, kichunguzi kitamrudishia Stoned kwa mkono wake mwenyewe.

Na yako mabaki yasiyo na uhai. Kirusi cha Mebroot, kilichojulikana mwishoni mwa mwaka 2007, kiliiweka sekta ya asili katika sekta ya 62, katika ule uwanja mtupu uliokuwa ukiachwa kabla ya mgawo wa kwanza wa diski kuanza. Fundi anapoandika upya sekta ya kwanza na kuondoka, vipande alivyoviacha kirusi katika uwanja ule hubakia, na kichunguzi chenye kupita sekta zote kitavitaja mwaka mzima baadaye, wakati ambapo hakuna kitu chochote katika diski kinachoviita. Tuhuma hiyo ni ya kweli kwa habari ya athari, na ni batili kwa habari ya hatari.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote, kwa kuwa halihitaji elimu kubwa, ni kwamba mara nyingi vichunguzi viwili havikuwa vikisoma kitu kimoja. Sekta ya buti si faili, na kichunguzi kilichoamriwa kupita katika mafaili yote ya diski C kinaweza kumaliza kazi yake kwa uaminifu bila ya kuigusa sekta hiyo hata mara moja. Amri ya clamscan, ambayo ndiyo ya ClamAV, huchunguza kile inachopewa. Anayetaka ichunguze sekta ya kwanza hana budi kwanza kuinakili sekta hiyo katika faili, kwa amri kama dd ya Linux, kisha akipe kichunguzi faili hilo. Windows nayo haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuisoma diski moja kwa moja, hivyo kichunguzi kilichoendeshwa pasipo mamlaka ya msimamizi hunyimwa sekta na huandika katikati ya maandishi yake mengi kwamba hakikuweza kusoma, kisha mwishoni huandika kwamba idadi ya virusi vilivyopatikana ni sifuri. Waandishi wa clamscan waliliona jambo hili, wakaiwekea amri yao majibu matatu ya nambari inapomaliza kazi: 0 ikiwa hapana kirusi kilichoonekana, 1 ikiwa kimeonekana, na 2 ikiwa kumetokea kosa. Fundi aliyejiandikia hati fupi ya kuendesha kazi hiyo kila siku, akaandika kwamba kila jibu lisilokuwa 1 lihesabiwe kuwa ni salama, ameifanya "sikuona" na "sikuruhusiwa kutazama" kuwa neno moja. Zaidi ya hayo, kompyuta ikiwashwa kwa flashi, ile diski iliyokuwa ikihesabiwa ya kwanza huenda ikawa ya pili, na flashi yenyewe ikachukua nafasi yake. Basi kichunguzi cha kwanza kimeisoma diski ya mteja na cha pili kimeisoma flashi ya fundi, na mabishano yaliyofuata baina ya watu wazima wawili hayakuwa na msingi wowote.

Hofu ndiyo inayowafanya watu waruke hatua hizi, na hofu hiyo imekuwa na wafanyabiashara wake tangu zamani. Kabla ya tarehe 6 Machi 1992, siku ambayo Michelangelo alikuwa amepangwa kuandika upuuzi juu ya diski alimojificha, John McAfee alinukuliwa akisema kwamba huenda zikaangamia kompyuta hadi milioni 5, na antivairasi zikanunuliwa kwa pupa. Siku ilipopita, zilizoripotiwa kudhurika zilikuwa katika maelfu. Sisemi kwamba Michelangelo hakuwa na madhara, maana aliyepoteza kazi yake siku ile hakufarijika kwa kuambiwa kwamba wenziwe ni wachache. Nasema kwamba taharuki ile iliwafunza watu kuliogopa jina la kirusi kuliko kuiogopa dawa ya haraka, na funzo hilo limebaki.

Ama hiyo dawa ya haraka, imekwisha kuangamiza mengi. Tangu MS-DOS 5, iliyotoka mwaka 1991, ilikuwapo amri isiyoelezwa katika vitabu vya maelezo, FDISK /MBR, iliyoandika upya msimbo wa sekta ya kwanza na kuliacha jedwali kama lilivyo. Dhidi ya Stoned ilifaa. Dhidi ya kirusi cha Monkey ilikuwa msiba, kwa sababu Monkey hakuliacha jedwali halali mahali pake. Aliifumba sekta ya asili yote, akaificha katika sekta ya tatu, na maadamu alikuwa hai aliifumbua kwa kila aliyeiomba. Aliyewasha kompyuta kwa flopi safi, kama inavyoshauriwa, aliambiwa kwamba diski C haipo. Akitaharuki na kuandika FDISK /MBR, alimwua Monkey na kuiacha diski bila ya mwenye kujua mipaka yake. One_Half, kilichotoka Slovakia mwaka 1994, kilizidi kwa uovu: kila kompyuta ilipowashwa kilifumba sehemu nyingine ndogo ya diski, kikianzia mwisho na kurudi mwanzo, na kumfumbulia mtumiaji alipozihitaji, nao ufunguo wa mafumbo hayo ulikuwa ndani ya kirusi chenyewe. Kichunguzi kilichokiondoa kirusi bila ya kuzifumbua kwanza sehemu hizo kiliondoka na ufunguo. Katika virusi vyote viwili, diski iliyokuwa ikifanya kazi ikiwa na ugonjwa ilikufa kwa matibabu.

Nayo hatari hii haikwenda na DOS. Kuna watu, na idadi yao inazidi miongoni mwa wanasheria, waandishi wa habari na wahasibu, waliozifumba diski zao kwa programu kama VeraCrypt ili mwizi wa kompyuta asisome siri za wateja. Katika diski za mtindo wa kale programu hiyo huweka msimbo wake katika sekta ya kwanza, na kichunguzi kisichoutambua msimbo huo huweza kuutuhumu kwa ugeni wake. Fundi akiandika upya sekta hiyo, mwenye diski hataweza kuiwasha mpaka apate diski ya uokozi aliyoitengeneza siku ya kwanza, ikiwa aliitengeneza. Linux nayo huweka hapo msimbo wake wa kuwashia uitwao GRUB, ambao si wa Windows wala si kirusi.

Kisa cha Septemba mwaka 2007 kinanionyesha jinsi mtu anavyoweza kudharau upande wa pili pia. Kompyuta za mkononi za Medion, zilizouzwa katika maduka ya Aldi ya Ujerumani na Denmark, zilitoka zikiwa na Windows Vista, antivairasi ya BullGuard, na kirusi cha Stoned.Angelina katika sekta ya kwanza, yaani kirusi cha miaka ya 1990 chenye kuenea kwa flopi, katika zama ambazo kompyuta za mkononi zilikuwa zimekwisha kuachana na flopi. Antivairasi iliyokuwamo ilikitaja kirusi na haikuweza kukiondoa. Mnunuzi yeyote mwenye akili angalisema kwamba hiyo ni mizuka, kwani kompyuta ni mpya, imetoka kiwandani, na jina linalotajwa ni la marehemu. Lakini tuhuma ilikuwa ya kweli. Uzee wa jina hautoshi kuibatilisha tuhuma, kama vile ubaya wa jina usivyotosha kuithibitisha. Kinachotosha ni kuisoma sekta.

Na kuisoma si kazi ngumu. Kompyuta izimwe kabisa, iwashwe kwa flashi au diski iliyotayarishwa katika kompyuta nyingine iliyo salama. Diski ya mteja itambuliwe kwa ukubwa wake na kwa jina la mtengenezaji, isitambuliwe kwa nambari peke yake. Sekta ya kwanza inakiliwe katika faili, na ikiwa inawezekana zinakiliwe pia sekta zote zilizo kabla ya mgawo wa kwanza, ambazo katika diski ya kale hazifiki kilobaiti 32. Ndipo vichunguzi viwili vipewe faili hilo moja, kila kimoja kwa zamu yake. Hapo hitilafu nyingi huondoka zenyewe, kwa kuwa hapana kirusi kilicho hai cha kudanganya wala kumbukumbu iliyochafuliwa. Ikibaki hitilafu, faili hilo litazamwe kwa macho. Msimbo wa kuwashia wa Windows una ndani yake maneno ya Kiingereza ya kuarifu kwamba mfumo haukuonekana, nao wa GRUB una jina lake. Sekta isiyo na maneno hayo, au yenye jedwali lisiloeleweka, inastahili kutiliwa shaka hata kama vichunguzi vyote viwili vimeisifu. Mafaili ya mteja yatolewe kwanza. Dawa ije mwisho.

Wapo watakaosema kwamba haya yanapitwa na wakati, kwa kuwa kompyuta mpya zinatumia UEFI badala ya Bayosi ya kale, diski zake zimegawanywa kwa mtindo wa GPT, na Secure Boot hukataa kuendesha msimbo usiotiwa sahihi. Ni kweli kwamba mlango umehama. Lakini katika diski ya GPT sekta ya kwanza bado ipo, imewekwa hapo kama mlinzi ili programu za kale zisiidhanie diski kuwa tupu, na kichunguzi cha kale kikiikuta kinaweza kuishangaa. Na mwaka 2023 wataalamu wa ESET walieleza habari za BlackLotus, kilichoweza kuipita Secure Boot yenyewe. Wala mlango wa kale haukufungwa: kirusi cha NotPetya kilichozuka tarehe 27 Juni 2017 kiliziandika upya sekta za kuwashia za kompyuta nyingi duniani, kikaisimamisha kampuni ya meli ya Maersk katika bandari nyingi. Nakala ya daftari la majina na vibali la mtandao wao iliyowaokoa ilipatikana Ghana, katika mashine iliyokuwa imezimika kwa kukatika kwa umeme kabla ya shambulio kuifikia.

Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu vya ufundi vimfundishe kijana kuisoma sekta kabla ya kumfundisha kupiga Windows, na nawaomba wenye vibanda wampe mteja, pamoja na stakabadhi ya malipo, karatasi yenye jina la kirusi kama lilivyotajwa, jina la kichunguzi na toleo lake, diski iliyosomwa, na mfumo ambao kompyuta iliwashwa nao wakati wa kuchunguza. Mteja naye asione haya kuliomba faili la sekta yake. Ni baiti 512, halilemei flashi yoyote, na fundi asiyeweza kulitoa hakuichunguza sekta.